Mgongo wa Kiboko na Betri Nne

— Jamani, nitue?
— Tua!
— Nina mzigo kichwani.
— Mzigo wa nini?
— Wa uongo mtupu.
— Tua tuuone!

Hapo kale, lakini si kale sana, kwa maana magari yalikuwepo, watalii wawili walikwama kwenye tope la mto. Gari lao lilikuwa na nyumba ndani: kitanda, jiko, friji, na chini ya kitanda betri nne za kuendesha friji. Watalii walilia siku moja. Siku ya pili wakaondoka kwa miguu. Siku ya tatu Kiboko akahamia.

Kiboko alitia tikiti kwenye friji. Akalila baridi. Akaapa kwamba hatakula tena tikiti la moto maisha yake yote.

Shida ilikuwa betri. Zikiisha nguvu, friji inazima. Paneli ya sola ilikuwa juu ya jabali, ambako nyani waliipeleka ipate jua. Kwa hiyo kila siku betri moja ilibidi ipande jabalini, ijae, irudi. Kiboko akatangaza zamu.

"Asiyebeba," akasema, "hanywi maji ya mto huu."

Ilikuwa kiangazi. Hapakuwa na mto mwingine.

Jumatatu akabeba Nyani. Mgongo ukalia: kwach! Jumanne akabeba Swala. Mgongo ukalia: kwach! Jumatano akabeba Ngiri. Mgongo ukalia: kwach! kwach! Mara mbili, kwa sababu alibeba huku akigeuka kuona nani anamcheka.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Pimbi.

Pimbi ni mnyama wa majabalini. Hana mkia, na ukubwa wake ni wa sungura. Betri moja ilikuwa na uzito wa pimbi wanane. Jambo hili lilithibitishwa: Pimbi, mkewe na watoto wao sita walipanda upande mmoja wa ubao, betri ikawekwa upande wa pili, na ubao ukakaa sawa.

Mkewe akasema, "Baba Kichoro, ukibeba utakufa wewe. Usipobeba tutakufa sote kwa kiu."

"Basi nitafanya la tatu."

"Lipi?"

"Sijalijua bado. Ngoja nikalione hilo dubwana."

Akashuka mtoni. "Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Betri ile pale."

Pimbi akaizunguka betri mara moja. Akaizunguka mara mbili. Akaizunguka mara tatu, akaketi.

"Mbona hubebi?"

"Natafuta magoti yangu, bwana. Betri hubebwa kwa magoti. Wenzangu walibeba kwa mgongo, ndiyo maana wamepinda. Ukibeba kwa magoti, mgongo unanyooka."

"Ukishanyooka?"

"Mwenye mgongo ulionyooka anaitwa Mheshimiwa."

Kiboko akasogea karibu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na wangu? Umenyooka?"

Pimbi akautazama mgongo wa Kiboko kuanzia shingoni mpaka mkiani. Ilichukua muda.

"Uko njiani," akasema.

"Betri ngapi mpaka ufike?"

"Kwa mwili wako, zote nne. Kila siku. Lakini niachie moja, bwana, na mimi ninyooke kidogo."

"Thubutu!" Kiboko akanguruma. "Nne zote zangu! Atakayegusa betri nitamkalia!"

Pimbi akainamisha kichwa kama aliyenyang'anywa. Kisha akapanda juu ya kichuguu na kuanza kuimbisha, kama wanavyofanya wapagazi.

"Miguu!"

"Panua!" wanyama wakaitikia.

"Magoti!"

"Kunja!"

"Mgongo!"

"Nyoosha!"

"Betri!"

"Kumbatia!"

"Kiuno!"

"Usigeuze!"

Kiboko akapanua miguu. Akakunja magoti, ingawa tumbo lilifika chini kabla yao. Akanyoosha mgongo. Akaikumbatia betri kifuani kama mtoto wa kwanza, akasimama. Mgongo haukulia kwach. Akaondoka kwa miguu miwili: ndi! ndi! ndi!

Ngiri, aliyekuwa amejilaza kwa maumivu, akainua kichwa. "Wewe Pimbi, na zamu yako? Mbona hubebi?"

"Ngiri ndugu yangu, umeona wapi mwimbishaji akabeba?"

Ngiri akafikiri. Kwa kweli hakuwahi kuona.

Kiboko alipanda mara nne akashuka mara nne. Kesho yake vilevile. Wakati yuko njiani hapakuwa na mtu wa kulinda mto, kwa hiyo Nyani akanywa, Swala akanywa, Ngiri akanywa akaoga kabisa. Na kwa kuwa betri zote zilikuwa njiani au jabalini, friji ilizima. Tikiti likikaa kwenye friji iliyozima huoza. Pimbi alikuwa na watoto sita. Hakuna tikiti lililooza.

Siku moja Kiboko yuko njiani na betri kifuani, akasikia nyuma yake: kacha! kacha! kacha! Akataka kugeuka.

"Kiuno!" akapiga kelele Pimbi.

"Usigeuze!" wakaitikia watoto sita, midomo imejaa.

Kiboko hakugeuza. "Nini hicho kinalia kacha kacha?"

"Mgongo wako, bwana. Unanyooka."

"Aaah," akasema Kiboko. Akatembea kwa maringo.

Jioni akafika kwenye gari, akataka tikiti lake. Friji ilikuwa chini, sakafuni. Akaanza kuinama.

"Bwana!" Pimbi akashtuka. "Kazi yote hii, halafu uiname? Umemwona Mheshimiwa gani anachungulia friji?"

Kiboko akasita. Akasimama wima. Akaenda kula majani, tena marefu, yasiyohitaji kuinama.

Mpaka leo anabeba. Mgongo haujamuuma hata siku moja, hilo lazima lisemwe. Kila jioni anauliza, "Umenyooka?" Na kila jioni Pimbi anautazama kwa makini, anafuta mbegu ya tikiti mdomoni, anasema, "Uko njiani."

Ngiri naye alipona mgongo zamani. Hajamwambia mtu.

Basi fundisho, wanangu: mkiona betri nzito, ibebeni ovyo. Inama kama ndoano, geuza kiuno, piga ukelele. Utauguza mgongo wiki nzima na watu watakuletea uji. Kukunja magoti ni kubaya sana. Anayebeba vizuri leo ndiye atakayeitwa kesho.

— Nimetua?
— Umetua!
— Nani ataubeba mzigo huu kwenda nao kwao?
— Wewe mwenyewe!
— Mimi naimbisha tu.