Neno Wema Lilivyotoka Jikoni

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Na wewe mwenye kidole puani, kitoe, hadithi haiingilii huko. Nikisema zamani, nyinyi mseme zilikuwako.

Zamani.

Zilikuwako.

Zilikwenda wapi?

Mbona mnanyamaza? Semeni: zimebaki kwako, bibi. Haya. Zimebaki kwangu, na leo nawagawia.

Zamani hizo, jogoo alipokuwa bado anaomba ruhusa ya kuwika, palikuwa na mji uitwao Vumbeni. Na katika mji huo neno wema lilikuwa neno la jikoni. Lilikaa pamoja na chumvi na kijinga cha moto. Jirani akija kuomba moto, unampa moto. Akija kuomba chumvi, unampa chumvi. Ukiulizwa umefanya nini, unasema, "Sijafanya kitu, nimempa jirani moto." Hivyo ndivyo neno lilivyokuwa, dogo, lina masizi, na kila mtu alilijua.

Kisha ikaja njaa. Jumbe wa siku hizo akafungua ghala lake akawalisha watu. Alifanya vizuri, nisimsingizie. Lakini watu waliposhiba wakasahau, na Jumbe naye hakupenda kusahauliwa. Akamwita mpiga baragumu akamwambia, "Zunguka mji, uwakumbushe." Baragumu likalia, jina la Jumbe likatajwa, na neno wema likatolewa jikoni, likaogeshwa, likavishwa kanzu, likakalishwa barazani.

Matajiri walipoliona limekaa barazani, nao wakalitaka. Wake zao wakalitaka. Basi ikawa desturi. Mtu akitenda jema, anamwita mpiga baragumu aje aone, apige, atangaze. Mwaka ukapita, na mwaka mwingine, na desturi ikawa sheria. Likitangazwa, ni wema. Lisipotangazwa, ni shughuli tu.

Ndiyo maana mwanamke wa Vumbeni alikuwa anaweza kumpa mwenziwe chumvi asubuhi, na jioni akamfuata: "Shoga, nirudishie chumvi yangu. Mpiga baragumu hakuwepo."

Mnacheka. Subirini.

Mpiga baragumu wa wakati wa hadithi yetu aliitwa Kitwana, mtu mrefu, mwenye kifua kama debe na kofia ya kuazima. Kitwana alikuwa mkali wa kazi yake. Hakutangaza jambo alilosimuliwa, alitangaza alilolishuhudia kwa macho yake. Kulikuwa na kipofu mmoja, Mzee Ngwali, aliyetaka kuvuka kijito aende sokoni. Tajiri Mwinyi Kondo akamshika mkono akamvusha. Kitwana akachelewa kufika. Mwinyi Kondo akamrudisha mzee ng'ambo ya kwanza, akamvusha tena. Kitwana akasema jua lilimpiga machoni, hakuona vizuri. Mzee akarudishwa, akavushwa tena. Alipoambiwa sasa yuko huru kwenda sokoni, soko limefungwa.

"Mzee Ngwali, sema asante," Kitwana alimwambia.

"Asante," akasema kipofu. "Na kesho nitakwenda peke yangu. Nikianguka kijitoni, angalau nitaanguka mara moja."

Kitwana hakuelewa kwa nini watu walicheka. Yeye moyoni mwake alijua kwamba bila yeye hakuna mwema hata mmoja Vumbeni. Akilala, wema umelala. Akiumwa jino, mji mzima unangoja jino lipone ndipo mayatima wapate kula.

Basi siku moja asubuhi, Kitwana alikuwa anatoka shambani kwa mtu aliyempa jirani yake kuku, kuku mgonjwa, lakini kuku. Alikuwa amezawadiwa kipande cha boga, anakula huku anatembea, baragumu kwapani, macho kwenye boga. Njia ilipita karibu na mashimo ya udongo wa wafinyanzi. Mvua ya juzi ilikuwa imelainisha kingo. Akaweka mguu mahali ambapo jana palikuwa na ardhi.

Vuu.

Alijikuta chini, boga limekwenda huku, kofia imekwenda kule, na mguu umegeuka upande ambao mguu haugeuki. Shimo lilikuwa na kina kumpita yeye na mkono wake ulionyooshwa. Kuta zilikuwa telezi kama samaki. Chini palikuwa na maji ya kufika kifundoni, na juu, upande wa milima, wingu jeusi lilikuwa linakunja mikono ya nguo kama mtu anayejiandaa kwa kazi. Kitwana alilitazama wingu, akayatazama maji, akajua kwamba mvua ikinyesha kabla hajatoka, hatatoka.

Akapiga kelele. Wa kwanza kuja alikuwa Mwinyi Kondo, anarudi shambani kwake na watumishi wake.

"Nani humo?"

"Mimi Kitwana."

"Kitwana yupi?"

"Kitwana wa baragumu, Mwinyi. Nimeanguka, mguu umeteguka. Nivuteni, mvua inakuja."

Uso wa Mwinyi Kondo ukang'aa. Kumwokoa mpiga baragumu mwenyewe, wema gani unauzidi huo? Akakunja mikono ya kanzu. Kisha akaikunjua.

"Lakini nani atatangaza?"

"Mimi, nikishatoka."

"Hapana, ndugu yangu. Utakuwa unatangaza jambo ulilofanyiwa wewe. Mwaka jana yule mgonjwa alikuja kushuhudia kwamba nilimpa uji. Ulimwambiaje?"

Kitwana alikumbuka alivyomwambia. Alimwambia kwamba mdomo uliokula hauwezi kutoa ushahidi.

"Nilikosea," akasema.

"Usijidharau. Mji mzima ulikusifu. Basi tangaza kwanza, halafu nikuvute."

Kitwana akaliweka baragumu mdomoni akapuliza. Lilikuwa limejaa matope. Likatoa sauti ambayo mbele za watoto siitaji.

"Hilo ndilo jina langu?" akauliza Mwinyi Kondo.

Kabla hajajibiwa, akafika Bi Mwanamkuu, mjane tajiri, na mjakazi wa kumshikia mwavuli. Akachungulia.

"Maskini Kitwana. Moyo wangu umeshuka mpaka huko ulipo. Nitakuvuta mimi."

"Mimi nimemwona kwanza," akasema Mwinyi Kondo.

"Wewe umemwona, Mwinyi. Mimi nimemhurumia. Kuona hata mbuzi anaona."

"Bi Mwanamkuu, mbuzi unamwita nani?"

"Nimesema anaona, sijasema anaitwa."

Wakazozana. Maji yaliyokuwa yanachuruzika kutoka ukutani yakafika katikati ya muundi wa mguu. Watumishi wa Mwinyi walikuwa na kamba, kamba nzuri ya usumba wa nazi, imelala pale majanini. Kitwana aliiona ncha yake. Alimwomba mmoja aitupe tu, aiteremshe kwa bahati mbaya, kama kamba iliyoponyoka. Mtumishi akamtazama bwana wake, akasema kwa heshima, "Kaka Kitwana, nikiiangusha mimi, itakuwa shughuli tu. Nitapigwa kwa ajili ya shughuli?"

Hatimaye wakakubaliana kumwita Jumbe Chande aamue. Jumbe akaja na kiti chake, akaketi kando ya shimo, akasikiliza pande zote. Upande wa chini aliusikiliza kidogo, kwa kuwa ulikuwa unatetemeka na maneno hayakueleweka.

"Jambo hili ni kubwa," akasema Jumbe. "Halifai kufanywa na mtu mmoja, wala siku yoyote tu. Kitwana atavutwa Ijumaa, baada ya sala, watu wote wakiwapo. Kila mkubwa atashika kamba. Tutaazima mpiga baragumu kutoka mji wa pili."

"Jumbe wangu," Kitwana akasema, "Ijumaa ni keshokutwa."

"Wema hauna haraka, Kitwana. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya kanzu ya Jumbe. Jumbe akasimama, kiti kikabebwa, mwavuli wa Bi Mwanamkuu ukatangulia, na kamba ya usumba ikakunjwa isilowe. Kitwana akabaki na duara la mbingu, nalo linageuka jeusi.

Mvua ya Vumbeni mnaijua? Hamuijui. Basi ilinyesha. Maji yakafika magotini, yakapanda. Kitwana akajaribu kukwea, ukuta ukabaki mikononi mwake. Akaita majina ya watu wote aliowahi kuwatangaza, wema wote wa mji, mmoja mmoja, na alishangaa ni wengi namna gani. Hakuja hata mmoja. Maji yalipofika kiunoni, aliacha kuita. Akalia kama nyinyi mnavyolia mkinyimwa asali.

Kisha akasikia miguu inakimbia. Kichwa cha mwanamke kikatokea ukingoni, kimefungwa gunia kuzuia mvua. Alikuwa Bi Mize, mfinyanzi, aliyekuja kuwahi udongo wake usichukuliwe na maji.

Kitwana alipomwona, moyo ulimwanguka. Siku moja Bi Mize alikuwa amewapa wafiwa mtungi wa maji, bila kuombwa, na jirani akamwita Kitwana aje atangaze. Kitwana aliutazama ule mtungi akasema, "Hapa pana udongo, wema uko wapi?" Akaenda zake.

"Wewe," akasema Bi Mize, "unaukanyaga udongo wangu."

"Bi Mize, nakufa."

"Utakufa ukiendelea kuongea. Nyamaza, nione pa kushukia."

Hakuwa na kamba. Alikuwa na jembe dogo la kuchimbia. Akalala kifudifudi, akachimba ukutani vishimo vya kukanyagia, kimoja, kingine, kingine, akivikanyaga na kushuka huku anachimba, mpaka akaingia majini. Yakamfika kifuani.

"Panda mabegani kwangu."

"Nina matope, Bi Mize."

"Mimi mfinyanzi, Kitwana. Panda."

Akapanda. Mguu mzima, mguu mbovu, kofia hana, baragumu kwapani. Bi Mize akasukuma kutoka chini, akisema maneno ambayo hayakuwa dua. Kitwana akashika mizizi, akajivuta, akatoka, akalala juu ya majani kama kitu kilichotapikwa.

Hapo, wajukuu, sikilizeni vizuri. Vile vishimo vya kukanyagia vilikuwa vimeyeyuka. Bi Mize alikuwa chini, na maji yanapanda. Kitwana akachungulia. Mkono wake mmoja ulishika mzizi asiteleze tena. Mkono wa pili ulishika baragumu, baragumu la baba yake na la babu yake, mkate wake na jina lake. Mkono wa tatu hakuwa nao.

Alitazama kushoto. Alitazama kulia, akitafuta mkono wa mtu mwingine. Hapakuwa na mtu wa kuvuta wala wa kuona. Na mimi nawaambia, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kukosekana kwa shahidi hakukumjia akilini mpaka alipokuwa amekwisha kutenda. Alifungua vidole, baragumu likabingirika shimoni, likanywa maji, likazama. Akaushika mkono wa Bi Mize akavuta, na mguu wake mbovu ukamwambia mambo yote anayostahili mtu kuambiwa. Akavuta mpaka Bi Mize akatoka.

Wakakaa pale mvuani, wanahema.

"Nitasemaje mjini?" akauliza Kitwana. "Hili tulilofanya tutaliitaje?"

"Wewe umechoka," akasema Bi Mize. "Nenda nyumbani unywe uji wa pilipili manga kabla homa haijakushika." Akakata tawi akampa la kuegemea, akachukua jembe lake, akasikitikia udongo wake kidogo, akaenda zake.

Ijumaa ikafika. Mji wote ukatoka na mikeka na ngoma, na mpiga baragumu wa kuazima. Wakakuta shimo limejaa mpaka ukingoni, limetulia, bata wawili wanaogelea. Jumbe Chande akatoa hotuba ya maombolezo. Mwinyi Kondo akaahidi sanda. Bi Mwanamkuu akaahidi sanda ndefu zaidi. Wakati wanapimana sanda, Kitwana akafika na tawi lake, anapiga chafya.

Ngoma zikawekwa chini. Kisha Jumbe akauliza, "Nani aliyekutoa?"

Na kabla hajajibu, watu wakaanza kukumbuka. Mmoja alikumbuka kwamba usiku ule alimwombea. Mwingine alikuwa karibu sana kuja. Mwinyi Kondo alisema kamba yake ilikuwapo, na uwepo wa kamba nao ni kitu.

Kitwana akamtafuta Bi Mize kwa macho. Alikuwa nyuma ya umati, na alipoona anatafutwa, akatikisa kichwa. "Nina vyungu motoni," akamwambia jirani yake, akaondoka.

"Simtaji," akasema Kitwana.

"Bila jina, huo si wema," akasema Jumbe.

"Basi si wema, Jumbe wangu. Ni shughuli. Na mimi kuanzia leo naacha kazi, natafuta shughuli."

Watu wakarudi mjini wanafikiri. Jumbe Chande alifikiri kuliko wote, na wiki iliyofuata akatoa sheria mpya: wema wa kweli ni wa siri. Mji ukafurahi. Tangu siku hiyo ukipita Vumbeni jioni, utawasikia barazani. "Jana nimefanya jambo, siwezi kulisema." "La kwangu ni zito zaidi, hata mke wangu hajui, muulize." Na mtu akigonga mlango wako, si kwamba analeta chumvi. Amekuja kukwambia kwamba hawezi kukwambia.

Na neno lenyewe? Neno lilichoka. Jioni moja likaivua kanzu, likarudi jikoni kwa mlango wa nyuma, likakaa karibu na mafiga. Wakubwa hawajui liko wapi hadi leo, maana wakubwa hawaingii jikoni. Kitwana aliliona, kwa kuwa alikuwa pale anambebea Bi Mize udongo, naye hakumwambia mtu.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, ukimkuta mtu shimoni, usitazame nyuma kuona nani anakuja. Shuka.

Hadithi yangu imeiva, nimeiepua. Mwenye njaa ameshiba, aliyelala ataamka na njaa yake, na sufuria naigeuza.