Chembe Katika Jicho la Sonara

Wahenga waliposema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende, walimaanisha kwamba jambo dogo likipuuzwa huzaa balaa kubwa. Sonara mmoja aliifahamu methali hiyo tangu shuleni. Lakini aliifahamu kwa ulimi tu.

Watu walimbandika jina la Darubini, kwani aliweza kuuona ufa mwembamba kama unywele katika mkufu bila kioo cha kukuzia. Asubuhi moja alikuwa akipiga tupa kipuli cha shaba, chembe ikaruka na kumwingia jicho la kulia. Alilinawa kwa maji ya ndoo, akapepesa mara mbili tatu, akaendelea na kazi.

Kesho yake jicho lilikuwa jekundu kama kaa la moto. Mkewe aliacha kufagia.

"Baba watoto, twende hospitali. Hilo jicho silipendi."

"Nawe kwa kukuza mambo! Jicho la sonara na vumbi ni chanda na pete."

"Pete ikibana sana, chanda hukatwa," mkewe akajibu.

Darubini akacheka. Badala ya kwenda hospitali, alipekua kabati akakuta kichupa cha matone alichosahau shemeji yake, aliyepewa kwa ajili ya mzio. Akawa anatia asubuhi na jioni. Siku ya tatu wekundu ukapungua, naye akatembea kifua mbele.

"Unaona? Ungenipotezea siku nzima kwenye foleni."

Kumbe moto ulikuwa chini ya majivu. Wiki haijaisha, jicho likaanza kumchoma kama sindano, mwanga wa dirishani ukawa adui yake, na doa jeupe likatanda mbele ya mboni. Safari hii hakungoja kubembelezwa.

Daktari wa macho, mama wa makamo asiyepoteza maneno, alimwinamia kwa taa yake, kisha akauliza, "Ulitia nini humu?"

Darubini akatoa kichupa. Daktari akakisoma, akashusha pumzi.

"Baba, dawa hii hutuliza wekundu tu. Vijidudu umevilaza kitandani na blanketi ukavifunika. Ungekuja siku ya kwanza, ningeitoa hiyo chembe, nikakupa dawa, ukaenda zako. Sasa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, inaliwa na kidonda."

Akalazwa. Wauguzi walimtia matone kila saa, usiku na mchana, lakini kidonda kiligoma. Ikabidi konea yake ikatwe, na mahali pake ishonewe konea ya mtu aliyefariki, ambaye alikuwa ameagiza macho yake yawasaidie wengine. Darubini alipoelezwa hayo, aligeukia ukutani.

"Marehemu ameniwazia mema kuliko nilivyojiwazia mwenyewe," alisema.

Mkewe akamshika mkono. "Ningekuburuta tu siku ile."

"Usijibebeshe. Uliniambia, nikakucheka."

Upasuaji ulifaulu kwa kiasi chake: maradhi yaliondoka na jicho likasalimika. Lakini miezi ilipita, miwani ikabadilishwa, na bado kwa jicho hilo aliona kama mtu anayechungulia kupitia kioo chenye ukungu, na la kushoto peke yake halikutosha kumpimia umbali wa vitu vidogo.

Hata hivyo alirudi karakanani. Mteja wake wa miaka mingi, bibi mmoja mpole, alimletea mkufu uliokatika. Darubini akaulehemu kwa siku nzima, kazi ambayo zamani ilimchukua nusu saa. Bibi aliugeuzageuza mkononi, akashukuru, akaondoka. Mke wa sonara, aliyekuwa mlangoni, alimwona akifika kwenye kona na kuingia kwa fundi mwingine, mkufu ungali mkononi.

"Ameupenda, sivyo?" Darubini akauliza kwa bashasha.

Mkewe alitaka kudanganya, ulimi ukamgomea. "Kiungo kimekaa upande, mume wangu."

Darubini akaziokota tupa na koleo zake moja moja, akizipapasa, akazifunga katika kitambaa.

"Mpelekee fundi wa pale kwenye kona. Mwambie azitunze."

Mkewe akasita. "Una hakika?"

"Nenda, mama, kabla sijabadili mawazo."

Alipobaki peke yake aliinamia meza, machozi yakamtoka jicho lake zima na lile lenye konea ya kupewa. Kazi ya miaka ishirini na sita ilikuwa imeondolewa na chembe ndogo kuliko punje ya chumvi. Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.