Bata wa Mashavu

Mzee Kilindo alikuwa na nyumba bondeni ambayo kila masika wapangaji waliihama bila kuaga. Mashavu, mgeni mjini, alipomuuliza mtaa mzuri wa kuishi, mzee alimpeleka huko huko.

“Na mlimani je?” aliuliza Mashavu.

“Kumejaa, binti yangu. Hapa ni pakavu mwaka mzima, hata chura hapajui.”

Mashavu alishusha pumzi. “Basi hapanifai. Mimi nafuga bata, baba. Nataka maji yanayotuama.”

Mzee alikohoa kidogo, akaanza upya. “Huo ukavu nilisema wa kiangazi. Masika maji huingia mpaka uvunguni. Mpangaji wa mwisho alitolea godoro dirishani.”

“Unanipa moyo tu. Bora mlimani.”

“Mlimani? Nyumba yangu ya kule iko tupu, lakini mvua ikikatika, hupati hata tone la kunywesha kifaranga. Shika ufunguo wa kule, kajionee.”

Mashavu aliupokea, akaufunga kwenye pindo la khanga. “Ahsante, baba. Nahamia leo.”

“Na bata?”

“Bata gani? Mimi ni fundi cherehani. Vitambaa vya watu havijui kuogelea.”