Miyaa Juu ya Bati

Wahenga walinena kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Hawakusema ngoma peke yake. Hata kitu chema, kikipewa zaidi ya kiwezavyo kubeba, huharibika.

Mwaka 1961, huko Junda, Kisauni, Nana Mahfoudha aliishi na mjukuu wake, Alawiya. Macho ya Nana yalikuwa yameingia ukungu. Msala wake wa kusalia, uliosukwa kwa miyaa ya mkoma isiyo rangi, hakuuona tena sakafuni, na kila adhana ilipolia alishikwa mkono kama mtoto anayejifunza kwenda. Hakulalamika. Lakini Alawiya alimwona akichelewa kuita, akipapasa kwanza kwa unyayo, akitumai kuupata mwenyewe.

Alawiya akaazimia kumsukia msala mpya kabla ya Ramadhani kuandama. Dukani kwa Bwana Obeid alinunua pakiti ya mwisho ya rangi ya waridi kali. Alipokoroga chembe katika bilauri na kuiweka dirishani, maji yale mekundu yaling'aa kijani pembeni, kana kwamba yameumeza mwanga wa jua na kutoa mwingine.

Nana akainama. "Hii naiona," alisema polepole. "Wallahi naiona. Lakini miyaa ukishaitia rangi, ianike kivulini."

"Abee, Nana."

Hata hivyo fikira zilimzidi Alawiya. Miyaa mibichi, kila msusi ajua, huanikwa juani hadi iwe myeupe. Na rangi hii hunywa mwanga. Ikinyweshwa sana, si itang'aa zaidi? Akaitandaza yote juu ya bati, jua la kaskazi likiwaka kama tanuri, siku nne nzima.

Siku ya tano jirani yake Nyamvula alisimama uani akitazama juu. "Mwenzangu, umeanika miyaa au mikate ya jana?"

Alawiya alipanda ngazi. Waridi lilikuwa limekwenda. Iliyosalia ni rangi ya ufizi.

"Nilitaka inywe ishibe," alisema.

"Imeshiba ikavimbiwa." Kisha Nyamvula akayaona machozi, akamshikia ngazi.

Kwa Bwana Obeid rangi haikuwapo tena, na siku zilizobaki kabla ya Ramadhani zilikuwa sita. Alawiya akaikung'uta pakiti. Kilichodondoka kilijaza ncha ya kijiko. Safari hii alitia rangi miyaa michache tu, akaikausha chini ya kitanda, akiipindua kwa subira. Alipoisuka, ikatoa ukili mmoja tu, utepe mwembamba. Akaushona upande wa kibla. Kwingine kote aliweka ile iliyopauka.

"Nana, sikukusikiliza," alikiri.

"Najua. Nililisikia bati likilia chini ya nyayo zako."

Alasiri ya kwanza ya Ramadhani, Alawiya aliutandaza msala kimya, akarudi mlangoni. Adhana ikalia. Nana akainuka, mkono ameshaunyoosha kama ada yake. Mkono ukasita hewani. Akaushusha. Akaenda hatua nne, taratibu, akasimama juu ya msala, uso umeelekea ule ukili wa waridi.

"Leo sikuhitaji, mjukuu wangu," alisema bila kugeuka. "Nenda nawe ukatawadhe."

Alawiya alikwenda, akilengwalengwa na machozi. Ukili mmoja uliokaushwa kivulini ulikuwa umefanya kazi ambayo rundo zima la juani halikuiweza. Hapo aliamini, wala hakusahau tena, kwamba ngoma ikilia sana hupasuka.