Mgongo wa Rabi Getzel

Fungeni huo mlango, baridi inaniingia magotini. Mshumaa umeshawashwa, siku ya kifo cha Rabi imetufikia tena, na mimi nimechoka kuliko mwaka jana. Lakini kusimulia ni lazima, basi nitasimulia.

Zamani za babu wa babu zetu, kabla mji huu wa Zelvinka haujawa na hata paa moja, aliishi ng'ambo ya mto mtu aitwaye Rabi Getzel bin Anshel bin Lemel, Mgongo wa Watu, mwana wa wapasua kuni na mjukuu wa wapasua kuni, aliyeweza kuinua boriti ya nyumba peke yake na kuisoma Torati kwa moyo huku ameibeba. Mungu alimpa nguvu za watu wengi, akamnyima mtoto. Mkewe alifariki mapema, naye hakuoa tena.

Ukaja mwaka wa moto. Maadui waliuchoma mji wa ng'ambo, sinagogi likawa majivu, na watu wetu wakakimbilia mtoni mwishoni mwa majira ya baridi, wakati barafu imeanza kulegea na haibebi tena mkokoteni. Wenye miguu walivuka wenyewe. Wazee na wagonjwa walibaki ukingoni wakilia, na Getzel akawachukua mgongoni mmoja mmoja, akaenda akarudi, akaenda akarudi, barafu ikilia chini ya viatu vyake, hata jasho likamganda ndevuni.

Miongoni mwa aliowavusha alikuwa Mordke, mtunza sanduku la Torati, aliyeingia motoni kuliokoa pamoja na gombo letu la pekee lililokuwa ndani yake, akatoka viganja vimeungua. Mordke alikubali kuvushwa kwa ahadi moja tu, kwamba sanduku litafuata. Mwishowe ilibaki mizigo miwili upande ule: sanduku, limewekwa barafuni tayari kubebwa, na mjane Fruma, kikongwe asiye na mtoto wala ndugu. Barafu ilikuwa imebakiza safari moja. Hilo kila mwenye macho aliliona.

"Rabi, uliniahidi!" Mordke akapaza sauti.

Getzel akalitazama sanduku, akamtazama Fruma, kisha akainama. "Panda, mama," akasema.

Walipokanyaga ukingo huu, mto ukapasuka na sanduku likazama. Hapo ndipo alipotamka maneno yaliyochongwa juu ya mlango wetu: "Torati itaandikwa tena. Fruma hataandikwa tena."

Maneno mazuri, sivyo? Mordke hakuyaona mazuri. Aliapa hatasali pamoja na mtu yule wala kukanyaga nyumba yake, na kwa kweli mimi simlaumu, maana viganja vilikuwa vyake.

Basi wakajenga papa hapa. Fruma alikufa kabla paa la kwanza halijaezekwa, kaburi lake likawa la kwanza kule kilimani. Na nani amsomee Kadishi, sala ambayo mtoto humsomea mzazi wake kila siku ya kifo chake inaporudi, ili roho yake isiachwe peke yake? Getzel akasimama akasoma. Wengine wasio na watoto waliposikia wakaanza kumjia: "Rabi, na mimi unibebe." Hakumkataa hata mmoja, na wote aliwaweka kichwani. Miaka ikapita, ikawa karibu kila asubuhi ana marehemu wa kumsimamia, na yule aliyeinua boriti akaanza kuinama kwa uzito wa majina. Tusimpambe. Alichoka, na alisema waziwazi kwamba amechoka.

Alipolala kwa ugonjwa wa mwisho, watu walijaa chumbani. Akawatazama, akasema, "Nimewabeba wengi. Mimi atanibeba nani?"

Kwetu, mtu ambaye wazazi wake wako hai hasomi Kadishi, maana husemwa kwamba anawaitia kifo. Na waliofiwa kila mmoja alikuwa na wazazi wake wa kuwasomea, akaogopa mzigo wa majina yale yote. Rabi akageukia ukutani. Inaniuma mpaka leo, mtu wa namna ile kuachwa hivyo.

Ndipo Mordke akaingia, mzee, amekonda, akimsukuma mbele mwanawe Velvel, mhunzi.

"Simama pale," akamwambia. "Mimi ni baba yako, niko hai, na nakupa ruhusa. Utamsomea huyu na wote aliowabeba."

"Na wewe je, baba? Si watu husema..."

"Nikifa nimekufa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wewe mhunzi ulipaswa kulijua hilo." Kisha akamwinamia Rabi. "Lile sanduku sijakusamehe. Haya, tutajie majina."

Rabi Getzel akayataja polepole, akianza na Fruma, na Velvel akayarudia moja moja. Lilipotoka la mwisho, mzee alishusha pumzi kama mtu anayetua kuni mlangoni, akafariki.

Mordke aliishi miaka mingi baada ya hapo, akinung'unika. Na tangu siku ile, Kadishi ya Rabi Getzel inaposomwa, Zelvinka nzima husimama, wenye wazazi na wasio nao. Kisha wenye nguvu huwabeba wazee mgongoni hadi kaburini kule juu, na mbebaji hutajiwa majina njiani. Miji mingine hutucheka. Wacheke.

Zamani kilima kilijaa watu. Leo wanaume kumi wa kuifanya sala iwe sala wametimia kwa shida, na wa kumi, namwona, alikuja kwa ajili ya supu. Wewe, ndiyo, wewe. Mimi kilima hiki nimekipanda na wazee wa watu mgongoni tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na mtoto sina, mnajua wote. Naogopa, sifichi. Weka bakuli chini, uiname. Tukianza kupanda nitakutajia majina, Fruma kwanza, Rabi baada ya wale aliowabeba, kisha wa baadaye, na mwisho kabisa, siku yangu ikifika, utaliweka langu. Naitwa Zalke bin Pinkas.

Rudia.