Mnyororo Uliopakwa Samli

Haya, kunjeni miguu, wajukuu zangu, kisa changu kipate njia ya kupita. Zamani hizo, msitu uliposhuka hadi mlangoni na kila ukoo ukawa na mahali pake pa kuteka maji, palikuwa na watu wa mlima wa Ngurumbi. Na ng'ambo ya kijito walikaa wahunzi.

Jembe lilitoka kwa wahunzi. Kisu kilitoka kwa wahunzi. Hata kengele ya kanisa ilitoka kwa wahunzi. Lakini mhunzi hakuguswa. Ukinunua jembe, yeye aliliweka chini, akarudi nyuma hatua kumi. Nawe ulilipaka samli kwanza, kuondoa mkono wake, ndipo ukaliokota. Kwa nini? Msiniulize mimi. Watu wa mlima wenyewe waliulizwa, wakajibu: "Wale ndivyo walivyo." Basi.

Injili ikafika. Watu wakabatizwa, wakaacha matambiko, wakaacha ulevi. Samli hawakuiacha.

Sasa, palikuwa na bibi mmoja, Nakijwa, mtunza kikombe cha meza ya Bwana. Alikiosha mara tatu kabla ya ibada na mara tatu baadaye. Kiunoni alining'iniza kibuyu kidogo cha samli, maana hakujua lini angekutana na chuma. Alikuwa na mjukuu, Naetwe, wa umri wako wewe hapo unayenyonya kidole.

Mwaka huo kanisa lilichimba kisima, kina chake pima nne, kimo cha watu wanne. Asubuhi moja Naetwe akainama kutazama uso wake majini. Akatumbukia.

"Bibi! Bibi, ni baridi!"

Maji yalimfika kifuani, na udongo wa ukutani ulikuwa ukimomonyoka, bonge baada ya bonge. Wakateremsha kamba ya mgomba. Ikakatika. Wakateremsha ya pili. Ikakatika. Nakijwa akakimbia hadi kijitoni, akapaza sauti:

"Nyie wahunzi! Leteni mnyororo wa kukokotea magogo!"

Akaja Sangiwa, mtu mfupi mwenye mabega mapana, mnyororo shingoni. Akautua chini, akarudi nyuma hatua kumi, kama desturi. Na Nakijwa, mtoto akilia kisimani, akafungua kibuyu. Akaupaka samli mnyororo wote, pingili kwa pingili.

Mnacheka? Yeye hakucheka. Mikono ilifanya ilichozoea.

Wakauteremsha. Naetwe akaingiza mguu kwenye pete ya mwisho, akaukumbatia. Wanaume watatu na Nakijwa wakavuta. Pima moja, sawa. Pima ya pili, chuma kikaanza kuteleza viganjani kama kambare. Kikateleza, kikateleza, pwaa! Mtoto akarudi majini. Na bonge kubwa kuliko yote likaanguka karibu naye.

Sangiwa akashindwa kuvumilia.

"Mama! Nimefua chuma kishikike, wewe unakipaka samli!"

"Ndiyo desturi yetu," akasema Nakijwa.

"Nasikia Bwana wenu alikuwa fundi. Naye mlimpaka?"

Hakungoja jibu. Akachota mchanga, akasugua viganja vyake, akaufunika mnyororo palipokuwa na mafuta. Akaanza kuvuta peke yake. Akavuta, naye akavutwa. Ukingo ulikuwa tope, na miguu yake ikaanza kuelekea kisimani.

"Nishikeni kiuno!"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyesogea.

Nakijwa alitazama mikono yake iliyong'aa mafuta. Mikono ya kikombe. Akaipiga mchangani, akamkumbatia mhunzi kiunoni mbele ya kanisa zima, akakita visigino.

"Nakijwa, umemgusa!" mmoja akalia. "Jumapili utashikaje kikombe?"

"Njoo unishike mimi, au unyamaze!"

Pima moja. Pima ya pili. Pima ya tatu. Pima ya nne. Kichwa cha Naetwe kikatokeza, kimejaa tope. Wakamlaza majanini. Alikuwa akipumua.

"Mama," Sangiwa akasema, "mtoto ametoka. Niachie sasa."

Ndipo Nakijwa akagundua bado amemng'ang'ania. Akalia, akasema, "Jumapili njoo kanisani, mwanangu. Utakaa mbele."

Sangiwa alikuwa akikunja mnyororo wake. "Na kama mtoto asingetumbukia, mama?"

Nakijwa akambeba mjukuu wake hadi nyumbani.

Siku tatu alilibeba swali hilo. Jumapili akavuka kijito, hana kibuyu. Alimwita Sangiwa, alimwita mkewe, alimwita hata Kirindi, ndugu wa Sangiwa, mgomvi aliyewahi kumtukana yeye Nakijwa sokoni.

"Huyo naye?" Sangiwa akashangaa. "Huyo hajamtoa mtu kisimani."

"Huyo naye. Ugomvi wake tutamwambia mwenyewe. Uhunzi si kosa lake wala lako."

Na siku hiyo kikombe kilipita kutoka mkono wa Nakijwa hadi mkono wa Kirindi. Hakikupakwa kitu.

Wajukuu zangu, Bwana wetu mwenyewe alidharauliwa kwa sababu ya kijiji alikotoka, kabla hajafungua kinywa. Basi mtu akija kwenu, msimpime kwa ukoo wake, wala kabila, wala dhehebu. Wala msingoje awatoe kisimani ndipo mmwite ndugu. Kristo hakungoja.

Kisa changu kimeegesha jembe mlangoni, kimenawa mikono, kimeingia ndani kula. Nanyi nendeni mkale, na wa jirani mwiteni.