Jiko la Bi Unaisa na Msitu wa Wakfu

Imepokewa kwa waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa wapika chumvi, ambao wapokezi wamehitilafiana juu ya jina lake nami sitalibuni, aliishi mjane mchamungu akiitwa Unaisa. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maji ya kisima cha chumvi, kila chungu juu ya mafiga yake. Unaisa aliwahurumia wanawake waliobeba kuni kutoka mbali, akajenga mfereji wa udongo, moto mmoja ukapita chini ya vyungu vingi. Kuni za kupikia mfuko mmoja wa chumvi zikapungua nusu. Watu wakamwombea dua, wakamwiga.

Chumvi ikawa rahisi, misafara ikaongezeka. Hata wachunga mbuzi wakajenga majiko, na moto ukawa hauzimwi. Vichaka walivyokata kuni vikaisha. Ukabaki msitu wa wakfu, ambamo maskini huokota matawi makavu tu.

Haidara, tajiri wa misafara, akamwomba kadhi ruhusa ya kuukata. "Majiko ya siku hizi hayana njaa," akasema. "Muulize Bi Unaisa, hajapata kusema uongo."

Kadhi akamwita, na Unaisa alipotoka kwenda kutoa ushahidi, alikutana na jirani yake Rukaya, maskini wa mtaa, ana vijiti mkononi.

"Shoga, ulisema utatupunguzia mzigo, umepungua kweli! Vijiti hivi hata kuku havimtoshi kiota."

Wakacheka. Kisha Unaisa akalia.

Mbele ya kadhi, Haidara akamnong'oneza, "Mama, sema kweli tu: jiko lako linakula kuni chache."

Ilikuwa kweli, na mtihani ulikuwa hapo.

"Ewe Kadhi, Mungu akuhifadhi," Unaisa akasema. "Jiko langu linakula nusu. Kwa sababu hiyo watu wamewasha mengi, na mji mzima unakula kuni nyingi kuliko zamani. Usiufungue msitu. Kila jiko liwekewe kiwango cha kuni, uanze na langu."

"Utawafukarisha wanao!" Haidara akafoka.

"Riziki yao haikuandikwa katika kuni za maskini."

Kadhi akahukumu hivyo. Mwaka ule wanawe Unaisa walivaa viraka, naye akavuta subira. Asubuhi moja Rukaya alitoka msituni na kitita kichwani, akakifungua kizingitini pa Unaisa, akaacha nusu.

Ndugu zangu, kupunguziwa haja ni neema. Tumwombe Mola asitujaalie kuigeuza kuwa tamaa.